Majani Sita ya Muhogo

Mwaka 2020 ilitolewa taarifa ya utafiti uliofanywa katika Afrika Mashariki juu ya swali ambalo kwa mtazamaji wa mjini huenda likaonekana dogo: ni nani awezaye kulitazama jani la muhogo akautambua ugonjwa wake? Waliolinganishwa walikuwa wanne: watafiti wa zao la muhogo, mabwana na mabibi shamba, wakulima wenyewe, na programu ya simu ya mkononi iitwayo Nuru. Wakulima walipata kati ya asilimia 18 na 31. Mabwana shamba walipata kati ya asilimia 40 na 58. Nuru ilipata asilimia 65.

Baadhi ya wenzangu tuliostaafu pamoja waliicheka taarifa hiyo, na wengine waliikasirikia. Mimi sikuweza kufanya lolote kati ya hayo mawili. Nimekuwa bwana shamba katika Wilaya ya Sengerema kwa miaka mingi, na ingawa sikuwamo miongoni mwa waliopimwa, najua kwamba alama zile ni zangu. Kwa hiyo naomba msomaji anivumilie nikiihakiki mashine hii, kama vile watu wanavyohakiki riwaya au tamthilia, lakini nikianza na makosa ya mhakiki mwenyewe. Nyani haoni kundule, walisema wahenga. Basi mimi nitajitahidi kuliona langu kwanza.

Katika miaka ya 1990 adui yetu mkubwa katika mashamba ya mihogo aliitwa batobato. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza katika nchi yetu hii hii, mwaka 1894, enzi za utawala wa Wajerumani. Lakini ile batobato kali iliyotutia hofu sisi watu wa Kanda ya Ziwa ilitokea upande wa Uganda, ikatuingilia kwa kupitia Kagera. Dalili zake hazijifichi. Majani machanga ya juu hujikunja na kudumaa, yakawa na mabaka ya njano na kijani. Ukisimama pembeni mwa shamba ukatazama vilele, umekwisha kujua habari yake. Semina baada ya semina tulioneshwa picha za majani hayo, nasi tukawa hodari wa kuyatambua.

Ugonjwa wa pili, ule wa michirizi ya kahawia, tulifundishwa kwamba ni wa pwani. Mtaalamu aitwaye Storey aliueleza mwaka 1936 kutoka Amani, katika milima ya Usambara, na vitabu vilivyofuata vikasema kwamba ni nadra sana kuukuta mahali palipo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Ziwa letu liko kiasi cha mita 1,134. Tukalala usingizi wa raha. Kumbe tangu mwaka 2004 ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kuonekana Uganda, katika miinuko ile ile ambayo vitabu vilisema haupandi.

Na dalili zake ni kinyume kabisa cha zile tulizozizoea. Hazionekani vizuri kileleni bali kwenye majani ya chini, yaliyokomaa. Njano hafifu hutambaa kandokando ya mishipa ya jani, na mtu asiyejua hudhani ni jani linalozeeka tu, linalojiandaa kuanguka. Mara nyingine mmea husimama na kunawiri mpaka siku ya kuvuna, ndipo mwenye shamba anapoukata mzizi na kuukuta umekauka kwa ndani, una mabaka ya kahawia, mgumu kama gome la mti.

Mwaka 2009 nilipita kwa shangazi yangu, katika kijiji kimoja kilicho karibu na ufuko. Aliniomba nilikague shamba lake kwa sababu majirani watatu walikuwa wamemwomba mbegu, yaani zile pingili za kupanda, naye hakutaka kutoa kitu ambacho hakukijua. Nikapita mstari wa kwanza, nikapita wa pili, macho yangu yakiwa kileleni. Kijani kitupu. Nikamwambia, "Shangazi, shamba hili ni safi. Wape mbegu." Akawapa. Walipokuja kuvuna, sehemu kubwa ya mihogo ya shangazi ilikuwa imeharibika kwa ndani, na ya wale waliopanda mbegu yake vivyo hivyo. Makopa yaliyotegemewa kuzivusha kaya nne hadi mavuno mengine hayakutosha hata kaya mbili. Shangazi hakunilaumu mbele za watu. Jioni tu, tukiwa tumekaa jikoni, alisema, "Mwanangu, wewe ulitazama juu. Mihogo iko chini."

Nimeisimulia habari hii kwa sababu ndiyo kipimo nitakachokitumia. Mimi nilikuwa mashine iliyofundishwa kwa picha za aina moja, za ugonjwa mmoja, na nilipoletewa ugonjwa mwingine sikusema kwamba sijui. Nilisema kwamba shamba ni safi. Mtu yeyote anayetaka kuboresha usahihi wa mashine zinazotafsiri picha hana budi kulikabili kosa la namna hii hasa.

Sasa tuitazame Nuru yenyewe. Ilitengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa kushirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Tropiki, IITA, pamoja na wengine. Jina lake ni la Kiswahili, na si jina la kupamba tu. Inafanya kazi bila intaneti. Mkulima analenga kamera ya simu kwenye jani, na programu inamwambia inachokiona. Kwa mtu aliyewahi kutembea kutwa nzima kutafuta mahali penye mtandao, huo si uamuzi mdogo. Waliouamua walimfikiria mkulima, na sifa hiyo wanastahili kupewa bila kupunguziwa.

Mashine ya namna hii hufundishwaje? Haipewi kanuni za ugonjwa kama tulivyopewa sisi darasani. Hupewa maelfu ya picha, na kila picha ina lebo iliyoandikwa na binadamu: hii ni batobato, hii ni michirizi, hili ni jani zima. Hubahatisha, huambiwa imekosea, hujirekebisha kidogo, hubahatisha tena, mpaka majibu yake yakaribiane na lebo. Kisha huletewa picha ambazo haijapata kuziona, na huhesabiwa imepata ngapi. Hesabu hiyo ndiyo inayoitwa usahihi. Ni hesabu ya kweli, lakini kuna maswali mawili ambayo haiyajibu yenyewe: picha hizo zimetoka wapi, na aliyeandika lebo alijuaje?

Nianze na swali la kwanza. Mwaka 2016 watafiti wa PlantVillage na wenzao walichapisha matokeo ya mashine iliyofundishwa kwa picha 54,306 za majani ya mazao 14. Kwa picha za mkusanyiko ule ule ambazo zilikuwa zimewekwa kando kwa ajili ya mtihani, ilipata asilimia 99.35. Hakuna mwanafunzi wa shule yoyote ninayoijua aliyewahi kupata alama hiyo. Lakini watafiti hao, kwa uaminifu mkubwa, waliipa pia picha zilizopigwa katika mazingira mengine. Ikashuka hadi asilimia 31. Picha za mafunzo zilikuwa za majani yaliyochumwa na kulazwa mahali patupu, jani moja moja, kwa mwanga mzuri. Shambani jani haliko hivyo. Lina kivuli cha jani jingine, lina udongo uliorushwa na mvua, linapeperushwa na upepo wa ziwa, na mkono wa mpiga picha unatetemeka.

Kwa hiyo waliofuata walikwenda shambani. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi nyingine, safari hii ya muhogo peke yake, kwa picha 2,756 zilizopigwa katika mashamba ya majaribio ya IITA nje ya mji wa Bagamoyo. Usahihi wa jumla ulikuwa asilimia 93. Hatua kubwa. Halafu mwaka 2019 mashine iliyofundishwa kwa njia hiyo ikawekwa ndani ya simu na kujaribiwa shambani hapa Tanzania kwa vijani 720 vyenye ugonjwa. Hata pale ambapo dalili zilikuwa dhahiri, kipimo kinachounganisha wingi wa wagonjwa waliobainika na ukweli wa majibu kilishuka kwa asilimia 32. Na sababu iliyotajwa ndiyo iliyonigusa. Tatizo kubwa halikuwa kwamba mashine iliwasingizia wazima ugonjwa. Ilikuwa ikiwapita wagonjwa bila kuwaona.

Hapo naomba tusimame kidogo, maana ndipo neno "usahihi" linapoweza kutudanganya. Tuseme shangazi ana mashina 100 ya mihogo, na kati yake 10 yana ugonjwa. Mashine ambayo haijui chochote, inayosema "zima" kwa kila shina, itapata asilimia 90. Itatangazwa kuwa hodari, nayo haijaona mgonjwa hata mmoja. Makosa mawili ambayo mashine inaweza kuyafanya hayana uzito sawa shambani. Ikimwita mzima mgonjwa, mkulima atang'oa shina moja, atapoteza mihogo michache. Ikimwita mgonjwa mzima, mkulima atakata pingili, atawagawia jirani, na jirani atamgawia shemeji yake wa kijiji cha pili. Inzi weupe watamalizia kazi iliyobaki. Makosa yote mawili yanahesabiwa kosa moja moja katika asilimia, lakini kosa la pili liliwahi kugharimu kaya nne chakula, na aliyelifanya ni mimi.

Ndiyo maana naona kwamba mtu akituletea asilimia moja tu, kubwa na ya kuvutia, hajatuambia jambo tunalolihitaji. Atuambie katika wagonjwa kumi anabaini wangapi, na atuambie wagonjwa hao walikuwa wa shamba gani.

Nije kwenye swali la pili, la lebo. Ng'ambo ya kaskazini ya ziwa hili, Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kina maabara ya akili mnemba ambayo imefanya kazi kubwa juu ya muhogo pamoja na taasisi ya utafiti wa mazao ya Uganda. Walikusanya picha 21,367, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe katika mashamba yao, na wataalamu wakaziwekea lebo. Mwaka 2020 picha hizo zikawekwa katika mashindano ya kimataifa, na maelfu ya watu duniani wakajaribu kutengeneza mashine bora ya kuzisoma. Washindi walifika takriban asilimia 91. Ilikuwa vigumu sana kupita hapo, na washindani wengi walibaini kwamba zilikuwamo picha ambazo lebo zake zenyewe zilitia shaka.

Sisemi hili kuwalaumu wenzetu wa Makerere. Kinyume chake, wamefanya jambo ambalo wengi hawakulifanya, la kumpa mkulima kamera na kuzikubali picha zake jinsi zilivyo, na ukungu wake na vidole vyake pembeni. Nasema tu kwamba jani la muhogo lina ukaidi wake. Shina moja laweza kuwa na batobato na michirizi kwa pamoja, na utitiri wa kijani juu yake, ilhali lebo inataka jina moja. Tena shina laweza kuwa na virusi bila kuonesha kitu, na jibu la hakika likapatikana kwa kupima maabara tu. Mtaalamu anayetazama picha ofisini anatoa maoni ya mtaalamu. Tukiyaita maoni hayo ukweli, mashine itajifunza hata pale mtaalamu alipokosea, na itayarudia makosa yake kwa haraka kuliko yeye.

Na hapa nina malalamiko madogo kwa niaba ya wakulima waliopata asilimia 18. Sehemu ya kipimo cha mwaka 2020 ilikuwa kutazama picha za majani na kutaja kilichomo. Mkulima halimi picha. Akiwa shambani anajua aina ya mbegu aliyopanda, anajua aliipata kwa nani, anakumbuka mvua ilikatika lini na jirani alivuna nini. Ukimwondolea hayo yote ukamwachia jani moja, umemnyang'anya nusu ya macho yake. Hata hivyo sitaki kutetea ujinga, wala kujitetea mwenyewe. Shangazi alikuwa na maarifa yote hayo ya shamba lake, na ugonjwa ule hakuutambua. Mimi nilikuwa na maarifa ya chuo, na sikuutambua. Wote wawili tulihitaji kitu cha kutuambia: tazameni tena.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ni bora kuliko yote katika taarifa ile ya 2020, na ambalo wenzangu waliocheka hawakulisoma kwa sababu walikwisha kuitupa taarifa. Watafiti waligundua kwamba Nuru ikipewa jani moja hukosea sana, lakini ikitazama majani sita ya shina moja kabla ya kutoa jibu, usahihi wake hupanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Kilichobadilika ni mwenendo wa kutazama. Mtumiaji aliambiwa asitosheke na jani la kwanza.

Nililisoma hilo mara mbili. Mwaka 2009 mimi nilihitaji kitu hicho hicho. Sikuhitaji shahada nyingine wala miwani mipya. Nilihitaji mtu wa kuniamuru niiname nitazame majani mengine, hasa yale ya chini, kabla ya kufungua kinywa.

Somo la namna hiyo hiyo limepatikana mahali pengine karibu na kwetu, katika kazi isiyohusu mihogo. Ukishika barabara ya Mwanza kwenda Musoma utapita lango la Ndabaka, mpaka wa magharibi wa hifadhi ya Serengeti. Ndani kabisa ya hifadhi hiyo watafiti walitega kamera 225 zinazojipiga zenyewe mnyama apitapo. Kati ya mwaka 2010 na 2013 kamera hizo zilitoa picha milioni 3.2. Hakuna ofisi ambayo ingeweza kuzisoma zote. Zikawekwa kwenye mtandao, na watu wa kujitolea kutoka pande zote za dunia wakaombwa waseme wanaona mnyama gani. Hawa hawakuwa wataalamu. Lakini kila tukio lilitazamwa na watu wengi, na jibu likatolewa pale walipokubaliana. Lilipolinganishwa na jibu la wataalamu kwa matukio 4,149, walikuwa sawa kwa asilimia 96.6. Macho mengi ya watu wa kawaida, yakitazama kwa zamu, yalikaribia jicho la mtaalamu.

Mwaka 2018 mashine ikafundishwa kwa majibu ya watu hao. Waliotangaza matokeo walisema kwamba ingeweza kufanya asilimia 99.3 ya kazi hiyo kwa usahihi ule ule wa asilimia 96.6. Kama mhakiki nakumbusha kwamba takriban robo tatu za picha hizo hazikuwa na mnyama yeyote, ila nyasi zilizotikiswa na upepo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushindi huo ni kutambua kwamba hapa hakuna kitu. Lakini siri ya kudumisha usahihi huo inastahili kusifiwa. Mashine iliruhusiwa kunyamaza. Pale ilipokuwa na mashaka, haikulazimishwa kutoa jina. Picha iliachwa kwa binadamu. Mwaka huo huo wa 2018 utafiti mwingine, wa Marekani, ulionesha kwa nini ukimya huo unahitajika: mashine zilizofundishwa kwa kamera za mahali fulani zilikosea zaidi zilipopelekwa kwenye kamera za mahali papya, kwa kuwa zilikuwa zimezoea mandhari pamoja na mnyama. Ni kama mtu amjuaye jirani yake akiwa mlangoni kwake tu, na akikutana naye sokoni Kirumba anampita.

Hukumu yangu basi ni hii. Nuru ni kazi njema, na ubora wake haumo katika ile asilimia 93 ya Bagamoyo bali katika njia iliyopitia baadaye: kutolewa mashamba ya majaribio na kupelekwa kwa wakulima, kukutwa imepungukiwa, watengenezaji wake kuyasema hayo hadharani, na kisha kupewa adabu ya majani sita. Kasoro ninayoiona haimo zaidi ndani ya programu; imo katika jinsi tunavyoipokea. Tunapenda kuambiwa kwamba mashine imemshinda bwana shamba, asilimia 65 kwa 58, kama matokeo ya mpira pale Uwanja wa Kirumba. Lakini asilimia 65 maana yake ni kwamba katika majibu matatu, moja huenda si sahihi. Bwana shamba akikosea anaweza kurudi mwaka unaofuata akaona aibu, kama nilivyoona mimi, na aibu ikamfundisha. Simu haitaona mzizi uliooza isipokuwa mtu aupige picha, aandike lebo, na kuirudisha habari hiyo kwa waifundishao. Bila njia hiyo ya kurudi, itarudia kosa lile lile kwa kila shangazi.

Kwa hiyo ningetaka kazi mbili zifanywe huku kwetu. Ya kwanza ni kwamba mashine yoyote itakayoletwa Kanda ya Ziwa ipimwe kwanza Kanda ya Ziwa, kwa mbegu zetu, kwa udongo wetu na katika miezi yetu. Tuna kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilichokuwapo tangu miaka ya 1930, ambacho wazee wetu walikijua kwa pamba. Kazi hii haikizidi uwezo. Ya pili ni kwamba jani lisihukumiwe peke yake. Picha ya jani iliyopigwa leo ifuatwe na habari ya mzizi siku ya mavuno, na ikiwezekana na kipimo cha maabara, ili lebo iwe ushahidi na isiwe maoni peke yake.

Nimalizie nilipoanzia. Juzi hapa nilivuka kwenda Sengerema na mjukuu wangu wa kike, tukipita juu ya daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, mahali ambapo zamani tulikuwa tukisubiri kivuko saa nzima au zaidi. Shangazi amezeeka, lakini bado anatembea shambani kwa fimbo. Mjukuu alitoa simu yake, akaielekeza kwenye majani ya kileleni, yaliyokuwa yaking'aa vizuri juani. Shangazi akamgusa bega kwa fimbo.

"Inama, mjukuu wangu. Anza na haya ya chini."

Akainama. Akapiga jani la kwanza, la pili, mpaka la sita. Katika mawili simu ilisema michirizi. Shangazi akaniomba nifukue mzizi mmoja, nikafukua, akaukata vipande kwa kisu chake. Ulikuwa mweupe wote.

"Bibi, mbona mzizi ni mzima?" mjukuu akauliza. "Simu imekosea?"

Shangazi akageuzageuza kile kipande mkononi. "Sijui kama imekosea. Huu tutaula," akasema. "Lakini mbegu yake siitoi."

Kisha akalielekea shina lililofuata, na mjukuu akainama bila kuambiwa.